Glavu ya Bwana Auchmurdie

Kisa hiki sikukiokota njiani. Kilimpata bibi yangu mzaa mama, Bethia Mutch, wakati akiwa mtumishi katika nyumba kubwa ya Auchmurdie, na alinisimulia mara nyingi tukiwa tunachambua sufu, bila kupunguza neno wala kuongeza chozi. Bibi hakuwa mtu wa machozi. Nimemrithi hilo, kwa hiyo anayetafuta huruma kwangu amepotea nyumba.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Krismasi ilikuwa imepita, anga safi, theluji imeganda mashambani. Bibi alikuwa anasugua vioo vya chumba cha kulia, na bwana yuko mezani anakula samaki wa moshi na mkate wa shayiri pamoja na marafiki wawili waliotangulia kufika. Jina lake hasa lilikuwa Hercules Dalgarno, lakini kwetu mwenye ardhi huitwa kwa jina la ardhi yake. Kila mtu alimwita Auchmurdie, hata mkewe chumbani.

Auchmurdie alisomea sheria Edinburgh, akarudi na wigi na maneno mengi. Akaingia Bungeni, na kule London alisimama akahubiri maendeleo ya kilimo mpaka wenzake wakasinzia. Huku nyumbani tuliyaonja maendeleo hayo. Alikausha kinamasi tulikokuwa tunachimba udongo wa kuwashia moto. Alihamisha kijiji kizima ili apande miti ya mapambo, kisha akasafiri kwenda kusimulia jinsi miti ilivyoota. Alikuwa na kinywa kitamu, hodari wa kushikana mikono na watu, na roho mbaya isiyo na mfano. Ajabu ni kwamba watu wa mbali walimpenda sana.

Uchaguzi ulikuwa karibu. Siku zile wapiga kura wa wilaya nzima walikuwa mabwana wachache wenye ardhi. Ungeweza kuwaketisha wote kwenye meza moja ukawashibisha, na ndivyo alivyokusudia kufanya.

"Bethia," akasema, akielekeza uma dirishani, "ule moshi ni wa nani?"

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na kibanda cha mawe chenye paa la nyasi.

"Ni wa mama yangu, bwana."

"Unaniharibia mandhari. Wageni wangu wataketi hapa wale nyama ya paa huku wanatazama matambara ya mama yako yameanikwa kwenye kichaka?"

Marafiki wakacheka. Bibi hakucheka.

"Ni nepi zile, bwana. Mama ni mkunga. Hata wewe alikupokea yeye."

"Basi alinipokea vizuri," akasema, akipangusa mdomo. "Mfikishie shukrani zangu. Na mwambie ahame kabla wageni hawajafika."

Bibi alidhani ni mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha. Lakini siku ya wageni, msimamizi wa shamba alikwenda na vijana wake, wakang'oa boriti za paa, wakachukua ndoo ya maziwa ya yule mama wakaimwaga kwenye moto wake. Moto ule ulikuwa haujazimwa tangu enzi za wazee wake. Kila usiku uliwekwa chini ya majivu na kila asubuhi ukafukuliwa, mama kwa binti. Ukazimika kwa maziwa, ukatoa harufu mbaya. Jonet Mutch, mama yake Bethia, mwanamke aliyekwisha kuota mvi zote, akasimama nje na shali yake.

Wapangaji walikuwa wameonywa. Atakayemfungulia mlango, naye paa lake litang'olewa. Alibisha nyumba hii, akabisha ile, akaona mapazia yakisogezwa. Jioni ilipoingia akaja kwenye geti la chuma la nyumba kubwa, alipo binti yake, akaanza kuligonga kwa kiganja.

Ndani walikuwa wanakula. Bibi alikuwa anagawa supu. Akasikia geti.

"Bwana, ni mama."

"Najua," akasema kwa upole, huku akimtabasamia bwana mmoja wa ng'ambo ya meza. "Nimemtuma msimamizi ampeleke kinuni. Atalala kwa msaga nafaka, pana joto. Mimina supu, Bethia."

Hakumtuma mtu. Alimwambia bawabu asifungue, na akamwambia mpiga fidla apige kwa nguvu zaidi.

Asubuhi walimkuta Jonet amesimama. Ndiyo, amesimama. Theluji ilikuwa imemfika kiunoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika nondo ya geti. Ilikuwa baridi ya kugandisha nyama kwenye chuma. Walipomvuta, mwili ukaja. Ngozi ya kiganja ikabaki pale kwenye nondo, nzima, na mistari yake yote.

Bibi aliiona. Alitoka na birika la maji vuguvugu, akaibandua taratibu mwenyewe, akaifunga kwenye leso. Hakuna aliyemsaidia.

Msaga nafaka, ambaye baadaye alikuja kuwa babu yangu, aliona aibu kwa sababu naye ni mmoja wa waliosogeza pazia. Akatoa ghala lake ili maiti ilazwe humo. Sasa, kwetu kuna desturi. Anayeingia kumwona marehemu lazima amwekee mkono mtupu kwenye paji la uso. Ni kuagana bila kinyongo. Usipomgusa, hapumziki, atakufuata mpaka umguse. Na ikiwa wewe ndiye uliyemuua, ukimgusa tu damu hutoka.

Mpinzani wa Auchmurdie katika uchaguzi alikuwa Kanali Rait, mtu mwenye sura nyekundu na ulimi mkali. Alisimama mlangoni mwa kanisa akawauliza mabwana wenzake kwa sauti, "Auchmurdie atakwenda kumgusa mkunga wake? Au anaogopa kutuchafulia sakafu?"

Maneno hayo yalimaliza kazi. Kiti cha Bunge kilikuwa kinaning'inia kwenye paji la uso la yule mama. Asipokwenda, watasema ameogopa. Akienda na damu ikatoka, atakuwa mwuaji mbele ya wapiga kura wote. Auchmurdie aliwaambia watu hizo ni imani za wachunga ng'ombe. Ila bibi alimwona jioni ile amesimama mbele ya moto anajiangalia kiganja.

Akaja. Mchana mweupe, juu ya farasi, na mabwana wakimfuata. Jonet alikuwa amelazwa juu ya mbao, kisahani cha chumvi kifuani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Ghala lilijaa watu.

Alikuwa amevaa glavu nyeupe za ngozi ya mwanambuzi.

"Vua glavu, bwana," bibi akamwambia chini chini.

"Kuna baridi, Bethia."

"Hata yeye aliisikia."

Akageukia mabwana na lile tabasamu lake. "Waheshimiwa, nimekuja kama Mkristo. Mkitaka nivue na soksi semeni mapema."

Wengine wakacheka, na kicheko kile kikampa nafasi. Akanyoosha vidole viwili, akavigusisha kwenye paji la uso, kwa haraka, kama mtu anayepima chuma cha pasi. Wakasubiri. Damu haikutoka. Kanali Rait akainua mabega, akavaa kofia yake, akatoka.

Mause, mke wa mhunzi, alimsogelea bibi akamnong'oneza sikioni. "Hajamgusa huyo. Mbuzi ndiye aliyemgusa."

"Najua."

"Mama yako hatapumzika, mwanangu."

"Najua, shangazi. Nilitaka hicho tu, apumzike. Hata hicho kaninyima."

Wakamzika kabla ardhi haijaganda zaidi. Bibi akarudi kazini, maana hakuwa na paa lingine. Alitazama nyuma kila alipopita kwenye geti.

Siku ya uchaguzi Auchmurdie alishinda. Mabwana walikusanyika kwenye ukumbi wa mji, wakataja majina kwa sauti, na jina lake likatajwa zaidi. Akazunguka akishika mikono. Wa kwanza akashtuka. Wa pili akautazama mkono wake, akaufikicha kwenye koti.

"Mbona una baridi hivi, Auchmurdie? Kupitia glavu?"

"Mkono baridi, moyo moto," akajibu, na ukumbi ukapiga kelele za furaha.

Alipofika nyumbani, glavu ya kulia haikutoka.

Alivuta mwenyewe. Mkewe akavuta. Wakamwita bibi alete maji ya moto. Akatumbukiza mkono kwenye beseni, na mvuke ukakatika papo hapo. Bibi akaona utando wa barafu unatambaa juu ya maji, kutoka kwenye vidole vyake kwenda ukingoni. Moto ulikuwa unawaka nyuma yao mkubwa kiasi cha kuunguza nyusi.

"Vuta, Bethia," akasema.

Bibi akavuta. Ikatoka. Na ngozi ya kiganja ikatoka nayo, ndani ya glavu, nzima, na mistari yake yote.

Bwana hakulia. Hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililomtisha. Mkono ulikuwa mweupe, mgumu, unalia ko ukigongwa mezani.

Daktari alikuja kutoka Aberdeen. Akauchoma sindano, ikapinda.

"Ni kuumwa na barafu," akasema. "Bwana amelala nje?"

"Nimelala kando ya moto."

Daktari akamtazama mke wa bwana. Mkewe akatazama zulia.

Baridi ile ilipanda. Ilifika kwenye kifundo, ikafika kwenye kiwiko. Divai iliganda kwenye glasi aliyoishika. Mbwa wake wa kuwindia aliulamba mkono ule siku moja, ulimi ukanasa, wakalazimika kuukata. Tangu hapo mbwa hawakuingia chumbani. Mkewe naye akahamia chumba kingine, akasema ni mafua.

Ikabaki kazi ya bibi kumpelekea uji. Asubuhi moja alimkuta ameketi kitandani, mkono umefunikwa shali tatu, wigi halipo. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko watu walivyodhani.

"Anataka nini?" akanong'ona.

"Mkono wako mtupu, bwana. Hakutaka kingine."

"Yuko chini ya ardhi."

"Ulimpata akiwa juu."

Akatoa amri kaburi lifukuliwe. Mchungaji akakataa. Yeye akawatuma wafanyakazi hata hivyo, wakaenda, wakarudi na sururu zimevunjika. Ardhi ilikuwa chuma. Walimwambia wangojee joto lirudi, na yeye akacheka kicheko ambacho bibi hakutaka kukisikia tena. Baridi ilikuwa imefika begani. Ilibaki kifua.

Siku aliyopaswa kuondoka kwenda London, gari lilikuwa tayari getini na farasi wamefungwa. Mchana. Jua jembamba. Akatoka kwa mlango wa nyuma, bila koti, akielekea makaburini. Bibi akamwona kutoka jikoni. Akajifunga shali, akamfuata.

Alikuwa amepiga magoti juu ya kaburi. Alikuwa anakwangua theluji kwa mkono wa kushoto. Kucha zinavuja damu. Akafika kwenye udongo. Akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, maana ulikuwa hauinuki wenyewe, akauweka chini.

Ardhi iliyovunja sururu ikaupokea. Ukazama taratibu, kama kijiko kwenye uji.

Kifundo. Kiwiko.

Uso wake ukalegea. Akatabasamu, na mara hii si lile tabasamu la wapiga kura.

"Pana joto," akasema. "Bethia, huku chini pana joto."

Upepo ulitulia. Hakuna ndege aliyelia.

Kisha tabasamu likaondoka.

"Amenishika."

Akavuta. Haukutoka. Ukazama zaidi. Bega likagusa udongo, shavu likalala kwenye theluji.

"Nivute. Bethia. Nivute!"

"Mwombe mwenyewe akuachie," bibi akasema. "Muite kwa jina."

Akafungua kinywa. Bibi aliniambia alimwona anatafuta. Macho yalikwenda huku na huku, yanatafuta. Mwanamke aliyemtoa tumboni mwa mama yake, aliyeishi kwenye ardhi yake maisha yote, ambaye yeye mwenyewe alimng'olea paa. Akatafuta jina, hana.

"Mkunga," akasema. "Mama... mama mkunga. Bethia, anaitwa nani? Niambie. Nakuomba, niambie anaitwa nani!"

Neno moja tu lilitakiwa. Bibi alikuwa nalo mdomoni. Akaviringisha mikono yake ndani ya aproni.

"Kuna baridi, bwana," akasema. Akarudi jikoni, kulikuwa na supu motoni.

Walimkuta kabla giza halijaingia. Amekufa, macho wazi, barafu kwenye kope. Ardhi imefunga bega lake bila ufa. Walijaribu nyundo. Walijaribu moto. Mwishoni mhunzi akaleta msumeno, mkewe bwana akageuka pembeni, wakamkata mkono palepale begani. Haikutoka damu. Theluji ilipoyeyuka mchungaji mwenyewe alisimamia kaburi likafukuliwa. Jeneza la Jonet lilikuwa zima, misumari yote ipo. Mkono wa Auchmurdie haukuonekana, si juu ya jeneza, si ndani yake.

Lakini kabla ya hapo ulikuwepo msiba wake. Mbunge, mtu mkubwa, alilazwa kwenye ukumbi wa nyumba yake, mshumaa kichwani na mshumaa miguuni, shuka limekunjwa vizuri upande usio na mkono. Mabwana wakapita, wakavua glavu zao zote mbili, wakamgusa. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Wapangaji wakapita, wakamgusa. Hata Mause, ingawa alijifuta baadaye. Wa mwisho akawa bibi yangu.

Alisimama pale akimtazama. Mikono ndani ya aproni.

Mkewe bwana akamsogelea. "Mguse, Bethia. Nakusihi. Mguse asije akatembea."

"Sina glavu, mama," bibi akasema.

Akatoka kwa mlango wa mbele, mlango ambao mtumishi hapiti, akashuka hadi kinuni, hakurudi.

Aliolewa pale na akazaa pale, nami naishi pale hadi leo. Jonet alipumzika, na bibi alilijua hilo siku aliyopita kwenye geti bila kutaka kutazama nyuma. Aliyetembea ni mwingine. Kila baridi kali ikishuka, kioo cha kinuni hushika alama ya kiganja, kiganja cha kushoto tu, kidole gumba kikielekea kulia. Iko upande wa ndani. Huja mchana, watu wakiwa kazini. Ukiingia ghafla chumbani unasikia mtu akivuta pumzi, kama anayetaka kusema jambo na hajui aanze vipi.

Bibi alipokuwa anakufa mchungaji mpya alimwomba amsamehe yule bwana. Inatosha kusema tu, mchungaji akasema, badala ya mkono. Bibi akageukia ukuta. Mama yangu naye aliombwa, akamwuliza mchungaji kama ana shughuli nyingine. Binti zangu wanasema mimi ni mgumu, kwamba watoto wao hawataki kulala huku, kwamba jambo lenyewe ni dogo, nikae tu karibu na kile kioo nifungue kiganja. Nimewaambia waje wao. Hawaji.

Leo asubuhi alama haikuwa kwenye kioo. Ilikuwa kwenye ubao wa kitanda changu, karibu na mto, vidole vitano vya barafu nyembamba. Nilivaa viatu, nikachukua kitambaa cha vyombo, nikaifuta taratibu bila kuigusa, nikaenda kupika uji.

Kitambaa nimekiweka juu ya jiwe la meko, pale pale pembeni ya moto. Sasa ni alasiri. Bado ni kikavu na kigumu kama ubao, na moshi mweupe wa baridi unapanda kutoka kwenye mikunjo yake.